Taa za Mchana ni Zetu Tunaotembea

Najua kurasa hizi zimezoea makala juu ya nidhamu, dawa za kulevya na mapenzi ya shuleni. Hayo ni mambo mazito na sitayadharau. Lakini leo naomba ruhusa yenu nizungumzie taa za magari. Naam, taa za magari, tena zile zinazowaka mchana mweupe. Najua kuna atakayecheka. Acheke, ila asome hadi mwisho.

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Kwa umri wangu huu wa miaka kumi na sita siwezi kubishana na wahenga. Nadhani tu kwamba wao walikuwa wakisema juu ya ajali za wakati wao, kama vile mtu kuangukiwa na nazi alipokuwa amejipumzikia kivulini. Ajali nyingi za barabarani zina kinga, na mojawapo ni rahisi kiasi kwamba tunaipita kila siku bila kuitambua.

Sisi tunaosoma shule ya kutwa tunaijua barabara vizuri. Wenzetu wa shule za bweni wakiamka huvuka ua tu wakawa wamefika darasani. Sisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tumeshajipanga kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na wale wanaotoka upande wa Kimende wanaujua ukungu wa mwezi wa Julai ulivyo. Unasikia lori linanguruma, hujui liko wapi.

Julai 2024, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa nikimsindikiza mdogo wangu wa Gredi ya 5 shuleni kwao. Ilikuwa saa moja kasorobo hivi, kumeshapambazuka. Tuliangalia kulia, tukaangalia kushoto, tukaangalia kulia tena kama tulivyofundishwa. Hakukuwa na kitu. Mdogo wangu akatangulia. Alipofika katikati ya lami, pikapu ya rangi ya kijivu ikachomoza kama kwamba ni ukungu wenyewe ulioota magurudumu. Haikuwa na taa hata moja. Dereva alikanyaga breki, pikapu ikaserereka, ikamgonga mguu.

Dereva yule hakutoroka. Ndiye aliyetupeleka hospitalini, na njia nzima alikuwa akitetemeka. Alirudia maneno yale yale: "Lakini nilikuwa naona! Kijana, kulikuwa kumekucha, mimi nilikuwa naona vizuri!" Mdogo wangu alikaa na plasta wiki sita. Leo anatembea, namshukuru Mungu. Lakini maneno ya dereva yule hayajatoka masikioni mwangu, kwa sababu alikuwa akisema kweli. Yeye alikuwa akiona. Sisi ndio hatukumwona.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo ndilo kiini cha makala yangu. Usiku taa ya gari humsaidia dereva kuona. Mchana humsaidia mtu mwingine kumwona dereva. Taa ya mchana si mali ya aliye ndani ya gari. Ni yetu sisi tulio nje.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana mwalimu wetu wa Fizikia husema kuwa namba hazina upendeleo. Tuseme lami ina upana wa mita 7. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda yapata mita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 5 ili avuke. Gari la abiria kisheria halifai kuzidi kilomita 80 kwa saa. Gawanya kwa 3.6, utapata mita 22 na ushei kwa sekunde. Katika zile sekunde 5 zako, gari limeshakula mita 111. Huo ni urefu wa uwanja mzima wa kandanda! Maana yake ni kwamba kama huwezi kuliona gari likiwa umbali huo, kuangalia kulia na kushoto ni desturi tu, hakukulindi. Na gari la kijivu lisilo na taa ndani ya ukungu wa kijivu, nani ataliona umbali huo?

Sasa, kuna magari ambayo dereva hahitaji kukumbuka lolote. Akiwasha injini tu, taa za mbele zinawaka zenyewe. Nilikuwa nikidhani ni madoido ya matajiri. Likizo ya Desemba nikapata kibarua cha kushika tochi na kukusanya spana kwa fundi wa umeme wa magari hapa sokoni kwetu, naye akanifungulia macho. Nitawaeleza jinsi nilivyoelewa.

Unapozungusha ufunguo na injini ikaanza, alternata nayo huanza kuzalisha umeme, na volti za gari hupanda kutoka 12 hivi hadi karibu 14. Ndani ya gari kuna kisanduku kidogo cha umeme kinachopata habari kwamba gari sasa liko hai. Kisanduku hicho huamuru rilei ifunge njia ya umeme. Rilei si uchawi. Ni ile sumaku-umeme tuliyoisoma kidato cha pili, ambayo ikipata umeme kidogo huvuta kibati na kuruhusu umeme mwingi upite. Taa zikawaka. Ukizima injini, zinazima. Magari mengine huzizima pia ukivuta breki ya mkono. Na ukiwasha taa kubwa za usiku, zile za mchana hujizima au hupunguza mwanga, ili zisimchome macho anayekuja mbele.

Je, ni taa gani hasa zinazowaka? Hapo watengenezaji wana njia zao. Magari ya zamani kiasi hutumia balbu zile zile za fulu, lakini kwa ujanja. Kwa kawaida balbu mbili za fulu, kila moja ya wati 60, zimeungwa sambamba, na kila moja hupata volti 12 kamili. Mchana kisanduku huziunga kwa mfuatano, zikagawana volti, kila moja ikabaki na 6. Walio kidato cha tatu mwaka huu wanajua kuwa nguvu ni volti mara volti, ukigawanya kwa ukinzani. Volti zikipungua kwa nusu, nguvu hushuka hadi robo, yaani wati 15. Kwa kweli huwa zaidi kidogo ya hapo, kwa kuwa waya wa balbu ukipoa ukinzani wake hupungua. Ndiyo kusema taa inaonekana kwa mbali lakini haichomi macho. Mwalimu akikuuliza faida ya kuunga balbu kwa mfuatano, usimwambie hujawahi kuiona!

Magari ya siku hizi yana taa ndogo za LED zilizowekwa makusudi kwa kazi hiyo tu, na hula umeme kidogo zaidi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya zinasema taa hiyo iwe nyeupe, na ukali wake uwe kati ya kandela 400 na 1200. Kwa hivyo zile taa za buluu na zambarau ambazo vijana wetu wa matatu wanabandika mbele ya gari kama mti wa Krismasi, hizo si taa za mchana. Ni urembo tu, na usiku ni balaa.

Mambo haya hayakuanza jana. Ufini, nchi ya kaskazini kabisa ambako majira ya baridi jua halitoki sawasawa, iliwaamuru madereva mwaka 1972 wawashe taa mchana majira hayo wakiwa nje ya miji. Uswidi ikafuata mwaka 1977, ikasema kila barabara, mwaka mzima. Kanada ikaamuru kuanzia Desemba 1989 kwamba kila gari jipya litoke kiwandani na taa zinazojiwasha. Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa aina mpya za magari madogo kuanzia tarehe 7 Februari 2011, na malori na mabasi yakafuata Agosti 2012.

Basi mbona magari mengi ya kwetu hayana? Jibu liko bandarini Mombasa. Magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na Japani yenyewe haikuwa na kanuni ya kuruhusu taa za namna hiyo hadi mwaka 2016. Gari lililotoka kiwandani huko kabla ya hapo, uwezekano mkubwa ni kwamba halina. Habari njema ni kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane, kwa hivyo yanayoshuka melini sasa ni yale ya miaka ambayo taa hizo zilikwisha kuruhusiwa. Na kuanzia Aprili 2020, Japani imetaka aina mpya za magari madogo ziwe na taa kubwa zinazojiwasha giza linapoanza kuingia.

Hapo lakini tusichanganye mambo mawili, maana hata fundi aliniambia wateja wake wengi huchanganya. Kuna taa inayowaka kwa sababu injini imewaka, na kuna taa inayowaka kwa sababu mwanga umepungua. Hii ya pili hutegemea sensa, kidude kidogo kama kifungo cha shati kilichokaa juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Mwanga ukipungua, umeme unaopita katika sensa hubadilika, na kisanduku kikawasha taa kubwa. Ni akili nzuri sana jioni au ndani ya handaki. Lakini sensa hupima mwanga, haipimi ukungu. Ukungu wa saa mbili asubuhi ni mweupe pe, kwa hiyo sensa huona kuna mwanga wa kutosha, ikakaa kimya. Kwa sisi watu wa huku juu, ile taa ya kwanza, isiyouliza swali lolote, ndiyo inayotufaa zaidi.

Nilipompelekea mjomba wangu hoja hizi alinicheka. Yeye ni dereva wa matatu tangu kabla sijazaliwa, na ninamheshimu sana.

"Mjomba," nilimwambia, "mbona huwashi taa asubuhi kukiwa na ukungu?"

"Ili nimalize betri?" akaniuliza. "Na mafuta je? Utanunua wewe, kijana?"

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa mkubwa hajibiwi kwa pupa. Nilikwenda nikapiga hesabu. Habari ya betri ni rahisi. Taa hizi huwaka injini ikiwa inanguruma, na wakati huo alternata ndiyo inayolisha taa, tena inaijaza betri. Ama habari ya mafuta, tuchukue balbu mbili za wati 21, jumla wati 42. Tuseme gari linatumia kilowati 15 kusonga barabarani, yaani wati 15,000. Wati 42 ni chini ya sehemu tatu katika elfu moja. Hata tukiongeza kinachopotea njiani, hicho ni kiasi ambacho mjomba hukipoteza zaidi akikanyaga mafuta bure kwenye steji ili abiria wadhani anaondoka. Nilipomwambia hivyo alikohoa, akaangalia kando. Sitasema alikubali, lakini hakunicheka tena.

Kuna pingamizi nyingine ambayo ni nzito kuliko ya mjomba, na si vyema niifiche. Mwaka 2008 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama barabarani lilitoa uchunguzi ambao kwa jumla haukuona kwamba taa hizi zimepunguza ajali kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Je, hoja yangu imekufa? La hasha! Marekani ni nchi kubwa, na sehemu zake nyingi zina jua kali na anga jeupe. Kwenye jua la utosi, taa ya gari huongeza kidogo tu juu ya kile ambacho jicho limeshakiona. Lakini kumbukeni ni nani walioanza. Walianza wale wenye mwanga hafifu. Asubuhi ya Julai huku kwetu inafanana zaidi na ya Ufini kuliko watu wanavyodhani. Sidai kwamba taa ya mchana italeta faida ile ile Kimende na Lodwar. Nadai kwamba huku kwetu faida yake ni kubwa, na gharama yake ni ndogo.

Tena kuna hatari moja ya taa hizi ambayo dereva mwenye gari jipya anapaswa kuijua. Katika magari mengi taa za mchana huwaka mbele pekee. Nyuma ni giza. Dereva huona mwanga mbele yake na dashibodi inameremeta, akajidanganya kuwa taa zote zimewaka, kumbe lori lililo nyuma yake halimwoni kabisa. Kanada waliliona tatizo hilo, ndiyo maana magari mapya ya kuanzia Septemba 2021 yanatakiwa yawe na dawa yake, kwa mfano taa za nyuma kuwaka pamoja na zile za mbele. Kwa hiyo ukungu ukiwa mzito, hata mwenye gari la taa za kujiwasha ni lazima anyooshe mkono azungushe swichi, awashe dimu. Mashine husaidia kumbukumbu ya mtu. Haimwondolei wajibu.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni mila yetu. Nyinyi nyote mmeiona. Dereva akipita na taa mchana, watu kando ya barabara humfanyia ishara ya vidole, kufumba na kufumbua, "Taa! Taa!" Madereva wenzake nao wanamwashia. Wote hao wanamhurumia, wakidhani amesahau. Naye aliyekuwa akifanya jambo jema anaona haya, anazima. Yaani tunamwadhibu anayetulinda! Mwanafunzi mwenzangu, ukiona bodaboda au matatu imewasha taa mchana, tafadhali usiifanyie hiyo ishara. Ukitaka kutumia mkono, inua kidole gumba.

Basi rai yangu ni hii. Kwanza, serikali ianze na magari ya abiria na mabasi ya shule. Yawashe dimu mchana kutwa katika sehemu za ukungu, na gari lililokuja na taa za kujiwasha lisikubaliwe kwenye ukaguzi kama zimekatwa waya. Atakayesema Wakenya hawawezi kuzoea akumbuke Februari 2004, wakati sheria za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano ubavuni, vyote vilipigiwa kelele na migomo. Leo matatu isiyo na mstari wa manjano ndiyo inayoonekana kioja.

Pili, wenye magari yasiyo na taa hizo wasingoje sheria. Fundi anayejua kazi yake anaweza kuunganisha rilei na fyuzi ili taa ziwake na injini. Na asiye na pesa za fundi ana mkono. Swichi iko pale pale karibu na usukani.

Tatu, sisi nasi tusilaumu tu. Sweta yetu ya shule ni ya kijivu, rangi ya ukungu, rangi ya ile pikapu. Ikiwa hatuwaoni wao, wao nao watatuona vipi? Namwomba mwalimu mkuu, kwa heshima na taadhima, afikirie kuturuhusu tushone utepe unaong'aa kwenye mikoba yetu. Pia nakiomba Chama chetu cha Kiswahili kitengeneze mabango machache kwa lugha yetu tukufu, tuyapeleke steji kabla ya Julai nyingine kufika. Nimeshafikiria maneno yake. Ni matatu tu: WASHA TAA, TUKUONE.

Mdogo wangu sasa huvuka barabara kwa mkono wangu tu. Akiona taa mbili kwa mbali ndani ya ukungu, huniambia, "Gari, tungoje." Kisha tunangoja, linapita, tunavuka. Hicho tu ndicho ninachokitafuta katika maneno yangu haya mengi. Kuonwa na dereva ni jambo jema, lakini na dereva naye akubali kuonwa.

Kwaherini, na mvuke salama.